Fulu hausi ya nane, na laki saba zisizoguswa

Kwa nini mkono huu

Watu wengi wanaonijia kuchambua mchezo wao huja na mikono waliyopigwa. Ni nadra mtu kuja na mkono alioshinda. Huu ulishinda, tena kwa karata kali, na aliyeucheza aliondoka mezani akipongezwa. Lakini uliingiza kama theluthi moja tu ya kile ambacho ungeweza kuingiza, na kwa maoni yangu hapo ndipo fedha nyingi za poka zinapopotelea bila mwenyewe kujua. Ukipigwa unaumia, na maumivu yanakulazimisha ujiulize. Ukishinda kidogo mahali pa kushinda kingi, hakuna kinachokuuma.

Usuli

Mchezo ni Texas Hold'em, ambapo kila mtu ana karata mbili zake na tano za mezani ni za wote, kwenye kasino moja yenye leseni katikati ya jiji la Dar es Salaam, Ijumaa usiku. Majina ya watu hayapo, na viti, siku na kazi zao nimezibadilisha. Karata na fedha zimebaki kama mhusika alivyoziandika kwenye simu yake mara baada ya mkono kwisha. Naandika kwa wenye miaka 18 na kuendelea, umri ambao sheria yetu inauruhusu, wanaocheza na fedha waliyoitenga, si ada ya mtoto wala kodi ya nyumba.

Madau ya lazima yalikuwa 5,000 na 10,000. Mhusika alikuwa na 1,000,000 mbele yake. Ni mchezaji makini, wa miaka thelathini na kitu, asiyependa vurugu.

Wapinzani wanaotuhusu ni wawili. Wa kwanza nitamwita Mzee: mfanyabiashara, mpole, anayeitikia shikamoo za meza nzima kabla ya kukaa. Hapandishi dau mwanzoni mpaka awe na karata za maana, na akishapata jozi ya juu, yaani jozi ya karata kubwa kuliko zote za mezani, haitupi hata kwa dawa. Ana udhaifu mmoja ambao mhusika alikuwa ameuona usiku uleule: anaogopa flashi (karata tano za suti moja) kupita kiasi. Saa moja nyuma, shupaza ya tatu ilipotoka mezani, Mzee alikuwa tayari ameshika kete za kuweka dau. Akazirudisha moja moja kwenye safu yake, akagonga meza, yaani akapitisha zamu bila kuweka dau. Wa pili ni Kijana, mwenye 400,000, anayependa kuingia karibu kila mkono na kuchapa mkwara (kuweka dau la kutisha bila karata) pale anapohisi watu wamelegea. Mzee alikuwa na fedha nyingi kuliko wote wawili.

Mkono ulivyokwenda

Mzee alipandisha hadi 40,000. Kijana, aliyekuwa wa mwisho kuzungumza kwenye hatua zinazofuata, akafuata, yaani akaweka kiasi kilekile. Mhusika alikuwa kwenye dau kubwa la lazima, mkononi ana nane ya uru na nane ya pau. Akaongeza 30,000 na kufuata. Poti, yaani fedha zote zilizokwisha kuwekwa, ikawa 125,000.

Nisimame hapa kidogo, maana hesabu ya hizo 30,000 ndiyo inayobeba kisa kizima. Jozi ya mkononi hupata mwenzake wa tatu kwenye karata tatu za kwanza kwa asilimia 11.8, yaani kama mara 1 kati ya 8 na nusu. Kila inapokubali mara moja, kuna mara saba na nusu umezitupa 30,000 zako: 225,000. Na hapo hujahesabu mara ambazo ya tatu imetoka na hakuna mtu wa kulipa, wala zile ambazo imetoka na bado ukapigwa. Anayefuata kwa jozi ya kati anakopa kutoka kwenye mkono mmoja mkubwa ujao. Ukifika, lazima ulipe deni lote na ubakize.

Karata tatu za kwanza: mfalme wa shupaza, nane ya kopa, nne ya kopa. Nane tatu zimekamilika.

Mhusika akagonga meza, jambo la kawaida pale ambapo mwingine ndiye aliyepandisha mwanzo. Mzee akaweka 80,000. Kijana akafuata upesi. Mhusika akafuata pia, bila kupandisha. Poti ikafika 365,000, naye akabaki na 880,000.

Karata ya nne: mfalme wa uru. Sasa ana fulu hausi, nane tatu na wafalme wawili. Akagonga meza tena. Mzee akahesabu kete zake taratibu, akasukuma 150,000. Kijana akatupa karata zake na kugeukia mpira kwenye televisheni. Mhusika akatulia kama anayeumizwa na uamuzi, kisha akafuata. Poti 665,000, mkononi amebakiwa na 730,000.

Karata ya tano: mbili ya kopa. Kopa tatu mezani.

Mhusika akagonga meza kwa mara ya tatu, akisubiri Mzee aweke dau la tatu. Mzee aliitazama ile kopa muda mrefu. Alikuwa ameshanyanyua kete kadhaa, akaziachia zikarudi kwenye safu, halafu akagonga meza kwa kidole kimoja. Mhusika akafunua nane zake. Mzee akaonyesha ree na mfalme.

"Nilijua una kitu, mwanangu," alisema. "Ila mimi nilidhani kopa."

Sababu alizotoa mhusika

Nilimwomba anieleze kila hatua kabla sijasema langu. Kwenye karata tatu za kwanza alisema hakupandisha kwa sababu hakutaka kumfukuza Kijana. Kwenye ya nne alisema, "Kaka, nilikuwa na mkono wa kuua. Ningepandisha, Mzee angeshtuka." Kwenye ya tano alikuwa na hakika kwamba Mzee, aliyeweka madau mawili mfululizo, angeweka la tatu, na hapo ndipo angemsukumia zote.

Sababu hizi si za mtu anayecheza ovyo. Kila moja ina mantiki yake. Tatizo ni kwamba zote tatu zinaanzia kwenye karata zake yeye.

Matokeo

Faida yake, kabla ya makato ya kasino, ilikuwa 395,000: za Mzee 270,000, za Kijana 120,000, na 5,000 za dau dogo la lazima. Zile 730,000 zilizobaki mbele yake hazikugusa meza kabisa, ingawa mpinzani alikuwa na wafalme watatu.

Uchambuzi: swali lilipaswa kuwa "ana nini cha kunilipa?"

Ukishika mkono mkali, nguvu ya mkono wako imeshajibiwa. Kuendelea kuifurahia hakukuongezei kitu. Kinachobaki ni kujua mwenzako ameshika nini, na atakilipia kiasi gani, kwenye karata ipi.

Tuhesabu kwa kutumia kile tu ambacho mhusika alikijua pale mfalme wa pili alipotoka, bila kuchungulia karata za Mzee. Wafalme waliobaki ni wawili. Ree na mfalme vinaweza kuungana kwa njia 8, mfalme na malkia njia 8, mfalme na jeki njia 8. Hizo ni 24, na kwa mtu wa aina ya Mzee, kila moja kati ya hizo haitupwi. Ongeza ree mbili, njia 6, ambazo angezilipia walau mara moja zaidi. Upande wa pili, kinachoipiga fulu hausi ya nane ni wafalme wawili mkononi, njia 1 tu. Mfalme na nane, njia 2. Na mfalme na nne, njia 6. Hizo mbili za mwisho ni karata ambazo Mzee hapandishi nazo dau. Kwa hiyo walipaji 24 dhidi ya tishio moja la kweli. Huo ni wakati wa kudai, si wa kujificha.

Hoja ya kutomshtua Mzee haisimami. Mtu mwenye wafalme watatu hashtuki kwa kupandishiwa dau mara moja. Anaudhika, anakuhisi una nane na kitu au kopa mbili zinazosubiri, kisha anafuata. Anayeshtuka ni mwenye karata dhaifu, na huyo hakuwa na fedha za kukupa hata ungemwachia njia wazi. Mchezaji anapomlegezea mpinzani ili asikimbie, mara nyingi anambakiza yule asiyelipa na kumpunguzia deni yule anayelipa.

Hoja ya Kijana nayo ilikuwa imekwisha kufikia karata ya nne. Alikuwa ameshatupa karata kabla zamu haijamrudia mhusika. Mezani walibaki wawili, na mmoja wao haachi jozi ya juu.

Halafu kuna hatari ambayo mhusika hakuiona kabisa mpaka tulipoipanga karata kwa karata. Alisema kwamba kuanzia mfalme wa pili alikuwa amemaliza kazi, hivyo kusubiri kulikuwa bure. Si kweli. Fulu hausi ya nane ni ndogo kuliko fulu hausi ya wafalme. Mzee akiwa na ree na mfalme, ree yoyote kati ya tatu zilizobaki ingempa wafalme watatu na ree mbili. Mfalme wa mwisho angempa wanne. Na nne yoyote kati ya tatu zilizobaki ingempa wafalme watatu na nne mbili. Jumla karata 7 kati ya 44 zisizoonekana, karibu asilimia 16. Ile nne ndiyo inayowapita wengi, maana kwa macho ni karata isiyo na madhara. Ukiwa mbele kwa asilimia 84 unataka fedha ziingie sasa, karata ya tano ikiwa bado haijafunuliwa.

Poti inakua kwa kuzidisha

Hapa ndipo ninapowasisitizia sana ninaokaa nao. Dau hupimwa kwa poti, na poti ya hatua inayofuata inategemea ulichoweka hatua hii. Ukiruka hatua moja, zinazofuata zote zinakuwa ndogo.

Chukua mpinzani mmoja, poti 125,000 na 960,000 nyuma yako. Ukitaka zote ziwe zimeingia kufikia karata ya mwisho, weka kama asilimia 77 ya poti mara tatu: 96,000, kisha 244,000, kisha 620,000. Hakuna dau hata moja hapo linalozidi poti, na mtu mwenye jozi ya juu anaweza kujikuta amelipa yote bila kuona ni wapi angesimama. Ukianza kwenye karata ya nne, kwa poti ya 365,000 na 880,000 nyuma, bado inawezekana: asilimia 71 mara mbili, yaani kama 258,000 halafu 622,000. Ukingoja mpaka ya tano, kama mhusika, umebakiwa na 730,000 mbele ya poti ya 665,000. Hapo unamwomba mpinzani alipe zaidi ya poti nzima kwa mara moja, kwenye karata ambayo imemtisha. Fedha ni zilezile, lakini kuzidai kumekuwa kugumu.

Njia mbili zilizokuwepo

Ya kwanza ni kupandisha kwenye karata tatu za kwanza, baada ya Mzee kuweka 80,000 na Kijana kufuata. Mimi ningepandisha hadi 260,000. Watu wawili wameshaonyesha wana kitu, mezani kuna kopa mbili, na Mzee ana mfalme mara nyingi sana. Kijana baadaye alisema alikuwa anasubiri kopa. Simtegemei sana mtu anayetaja karata alizozitupa, lakini kufuata kwake upesi kulifanana na hivyo, na anayesubiri kopa lazima azilipie. Mzee akifuata, poti inakuwa 725,000, mhusika amebakiwa na 700,000, na mfalme wa pili akitoka hizo zinaingia kwa dau moja lisilofika hata poti. Faida ingekuwa 1,125,000, mradi tu isitoke moja ya zile karata 7.

Ya pili ni kufuata kwanza kama alivyofanya, kisha kupandisha kwenye karata ya nne. Kufuata kwake mwanzoni sikukatai. Kulimficha vizuri, na kulimwacha Kijana ndani kwa 80,000. Lakini baada ya Mzee kuweka 150,000, alitakiwa kupandisha hadi kama 420,000. Mzee anaongeza 270,000, poti inafika 1,205,000, na nyuma ya mhusika zimebaki 460,000. Sasa itoke ile mbili ya kopa. Mzee anaogopa, sawa, lakini anatakiwa kulipa 460,000 ili apate 1,665,000. Inatosha awe sahihi mara 22 kati ya 100, na ana wafalme watatu na ree. Wachache sana wanaotupa hapo, na Mzee simwoni miongoni mwao.

Yaani kopa ileile iliyoua mkono ingekuwa haina nguvu kama poti ingekuwa imeshavimba. Karata ya kutisha humtisha zaidi mtu ambaye bado hajatoa kitu kikubwa. Mhusika aliujua woga wa Mzee, aliuona kwa macho saa moja nyuma, na mezani kulikuwa na kopa mbili tangu mwanzo. Kati ya karata 44 zisizoonekana, nyingi zingeweza kumfanya Mzee agonge meza. Huo ujuzi kuhusu Mzee ulikuwa mali, na ulitakiwa kumharakisha, si kumtuliza.

Pale ambapo kutega ni sahihi

Nisieleweke kwamba kutega ni kosa siku zote. Shika wafalme wawili, mezani atoke mfalme, mfalme na tatu. Umeshika wafalme wote wanne. Hakuna mtu mwenye jozi ya juu, maana wewe umeimaliza. Hapo ukiweka dau kubwa unazungumza na chumba kitupu. Waachie watu karata za bure, mmoja apate jozi ya ree au aamini mkwara wake mwenyewe. Na ukikutana na Kijana peke yake, mtu anayechapa mkwara kila akiona unyonge, kugonga meza kuna faida kwa sababu fedha zake huingia asipokuwa na kitu. Mzee haingizi fedha namna hiyo. Anaziingiza kwa kufuata. Mtu wa kufuata unampa kitu cha kufuata.

Katika mkono wetu masharti ya kutega hayakuwepo: wafalme wawili walikuwa bado nje, karata zinazoweza kumgeuza zilikuwepo, na mpinzani hakuwa mpenda mkwara.

Karata ya tano, hata kwa kuchelewa

Tuseme makosa ya nyuma yameshatokea, poti ni 665,000, mbili ya kopa iko mezani na zamu ni ya mhusika. Kugonga meza kulikuwa na maana iwapo tu Mzee angeweka dau mwenyewe. Lakini alikuwa ameshaonyesha afanyacho karata ya tatu ya suti moja inapotoka. Dau ilibidi litoke kwa mhusika.

Kiasi gani? Tulijadiliana sana juu ya 300,000 na zote 730,000. Kwa hesabu tupu, 730,000 zinashinda iwapo Mzee atazifuata walau mara 41 kwa kila mara 100 ambazo angefuata 300,000. Kwa 300,000 anahitaji kuwa sahihi mara 24 kati ya 100, na kwa mtu asiyetupa jozi ya juu, sembuse wafalme watatu, naamini anafuata karibu kila mara, akinung'unika. Kwa zote 730,000, kwenye karata inayomwambia flashi, naamini anatupa mara nyingi kuliko anavyofuata, na akitupa zaidi ya mara sita kati ya kumi dau dogo linakuwa bora. Kwa Mzee huyu, kwenye karata hii, ningeweka kati ya 300,000 na 350,000, na kuziweka bila kusita, mwendo uleule aliokuwa nao tangu mwanzo. Dhidi ya Kijana, ambaye akiona dau kubwa kwenye kopa ya tatu huwaza mkwara kwanza, ningesukuma zote.